Bibi Salme katika Baridi ya Hamburg

Mwezi wa Januari mwaka 1979 meli niliyokuwa nikifanya kazi ilipandishwa chelezoni katika bandari ya Hamburg, Ujerumani, nasi mabaharia tukapata wiki tatu za kukaa bure. Baridi ya mwaka ule hata Wajerumani wenyewe huisimulia, kwani theluji ilianza kumwagika siku za mwisho za Desemba 1978 ikafunga barabara na reli za kaskazini. Mimi, mtoto wa Mombasa niliyezoea jasho, nilivaa sweta mbili na koti la kuazima, na bado meno yaligongana.

Siku moja mwenzangu, kijana wa Lamu, alipata habari kwamba uko msikiti mtaa wa Uhlenhorst, ukingoni mwa ziwa liitwalo Alster. Tukaenda. Tuliuona kwa mbali, rangi yake ya samawati na minara yake miwili, na theluji imefunika kila kitu kilichouzunguka. Msikiti ule ulijengwa na Waajemi katika miaka ya 1960 (serikali ya Ujerumani iliufunga Julai 2024). Basi tukasali alasiri pale, na saa yangu ikionyesha saa nane na ushei za mchana. Hatujawahi kupasha vidole joto, magharibi ikaingia saa kumi na nusu. Mwenzangu akacheka, akasema huku mtu huweza kukaa na udhu mmoja sala zote za mchana.

Sikujua siku ile kwamba katika mtaa huo huo wa Uhlenhorst, miaka zaidi ya 110 kabla yetu, alikaa bibi mmoja wa kwetu, binti wa mfalme, ambaye hakuwa na msikiti wa kumwonyesha kibla wala mwenzake wa Lamu wa kucheka naye. Jina lake nililijua tangu utotoni, lakini kwa ubaya. Nyanya yangu, Mungu amrehemu, kila msichana wa nyumbani alipochelewa kurudi, alikuwa akimwonya asije akawa kama binti Said aliyekwenda na Mdachi. Hiyo ndiyo habari yote niliyokuwa nayo juu ya Bibi Salme: alikwenda na Mdachi. Alipofika huko alikula nini, alisema na nani, alilalaje usiku wa kwanza, hayo hakuna aliyeniambia, na nadhani hakuna aliyeuliza.

Sayyida Salme binti Said alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake ni Sayyid Said bin Sultan, yule yule aliyewavunja Mazrui na kuitia Mombasa mkononi mwake mwaka 1837. Mama yake ni suria wa Kicharkasi aliyeitwa Jilfidan, aliyetekwa vitani akiwa mtoto mdogo. Jumba la Mtoni lilikuwa mji mzima: watu kama elfu moja, hamamu nyingi, na uani wakitembea paa, tausi na mbuni. Lugha zilizosikika humo zilikuwa Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicharkasi, Kinubi, Kihabeshi na Kiswahili. Mtoto akakua hajui upweke ni kitu gani, kwani hata akitaka kulia hakosi mtu wa kumtazama.

Wasichana wa jamaa ile walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa chuoni wakati ule. Kalamu hiyo ndiyo iliyomponza mara ya kwanza. Baba alifariki mwaka 1856 akiwa safarini baharini, na mwaka 1859 ndugu zake wawili wakagombana, Majid aliyekuwa akitawala na Barghash aliyeutaka utawala. Salme, msichana wa miaka 15 tu, alikuwa upande wa Barghash, naye ndiye aliyeandika barua za fitina ile. Waingereza wakamsaidia Majid, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akajitenga shambani. Mwaka huo huo mama yake alikufa kwa kipindupindu. Akabaki na mashamba matatu ya urithi, mali yake mwenyewe kwa jina lake mwenyewe. Naomba msomaji ayakumbuke mashamba hayo, tutayarudia.

Baadaye alipatana na Majid, na kwa kupatana huko akamuudhi Barghash na wale waliokuwa upande wake. Alirudi kukaa mjini, na jirani yake akawa mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, mzaliwa wa 1839. Nyumba za Mji Mkongwe tunazijua zilivyosongamana. Sakafu ya juu ya nyumba moja inatazama madirisha ya nyumba ya pili. Yaliyofuata hayahitaji kuelezwa kirefu. Salme akapata mimba, na kila aliyeijua sheria ya nchi aliijua hatari yake. Mwezi wa Agosti 1866 alichukuliwa usiku na manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer mpaka Aden. Yasemekana ilikuwa wakati wa sherehe za Siku ya Mwaka, wanawake wanapokwenda pwani kuoga, naye akatoka pamoja nao kama mmoja wao.

Aden alikaa miezi tisa katika nyumba ya jamaa za Kispania aliowafahamu tangu Unguja. Huko alimzaa mtoto wa kiume Desemba 1866, na huko akafundishwa dini ya Kikristo. Ruete alibaki Unguja kumaliza shughuli zake, na Majid hakumgusa. Tarehe 30 Mei 1867 Salme alibatizwa kwa jina la Emily, akaozwa siku hiyo hiyo, na siku hiyo hiyo wakapanda meli kwenda Ulaya. Ndugu msomaji, pima mwenyewe. Asubuhi alikuwa Salme binti Said. Jioni yuko baharini, ni Emily Ruete, Mkristo, mke wa Mjerumani, umri wake miaka 22. Walipokuwa njiani nchini Ufaransa yule mtoto akafa. Walifika Hamburg mikono mitupu.

Wengi wanaoandika juu ya bibi huyu humalizia hapa, au huruka mpaka siasa za Bismarck. Mimi nataka tukae naye kidogo nyumbani kwake, maana hapa ndipo palipo na habari. Alituachia vitabu viwili. Cha kwanza ni kumbukumbu zake za maisha ya Unguja, kilichochapishwa Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani. Cha pili ni barua ndefu kwa rafiki wa kwao, barua ambazo hakuzichapisha katika uhai wake. Zilihifadhiwa Leiden, Uholanzi, pamoja na vitabu vya mwanawe, na zikachapishwa kwa Kiingereza mwaka 1993. Katika barua hizo ndimo alimosimulia shida za mgeni.

Kwanza mlango. Nyumba zetu za pwani zina baraza nje na ua ndani, mtu hupita, hubisha hodi, huulizwa habari za watoto. Hamburg milango imefungwa, madirisha yamefungwa, kwa sababu ya baridi na kwa sababu ya desturi. Mume akiondoka asubuhi kwenda ofisini hurudi jioni, na katikati ya hapo mke mgeni amebaki na watumishi wasiojua neno moja la lugha yake. Hakujua Kijerumani hata kidogo. Lugha waliyoelewana yeye na mumewe ilikuwa Kiswahili, ambacho Ruete alikipata Unguja kwa biashara. Hebu fikiri: katika mji ule wote mkubwa, Kiswahili kilizungumzwa mezani mwa nyumba moja, baada ya kazi, kati ya watu wawili. Akaletewa mwalimu, akaanza kujifunza majina ya vitu mmoja mmoja kama mtoto wa chuoni.

Kisha mavazi. Binti aliyezoea suruali ya hariri, kanzu, barakoa usoni na mitalawanda miguuni, aliingizwa katika nguo za Kizungu za wakati ule, kiuno kimebanwa na sketi pana kama hema. Uso uliofichwa mbele ya wanaume wote wasio maharimu sasa uko wazi, na mkono unatolewa kwa kila mgeni wa kiume anayeingia sebuleni. Alipopelekwa kwenye karamu za dansi alistaajabu kuona wanawake wenye heshima zao wakienda na mabega na vifua wazi. Na huku yeye akistaajabu, watu nao walimstaajabia yeye. Walimkodolea macho njiani na kwenye mathieta, wakaja nyumbani kumtazama huyo binti mfalme kutoka Afrika, na kumuuliza maswali ya kijinga.

Hilo la kukodolewa macho nalijua kidogo. Katika zile wiki tatu zangu mtoto mmoja katika basi alinishika mkono akausugua aone kama rangi inatoka. Mama yake aliona haya, mimi nikacheka. Lakini mimi nilikuwa na tikiti ya kurudi Kilindini. Mwenye tikiti ya kurudi hucheka kwa wepesi.

Tena majira. Msomaji ambaye hajatoka pwani atadhani baridi ndiyo adui mkubwa. Siyo. Adui ni giza. Mwezi wa Desemba jua la Hamburg huchomoza saa mbili u nusu ya asubuhi, nalo hutua saa kumi, na mara nyingi katikati ya hapo halionekani kabisa. Mtu aliyezaliwa ambapo usiku na mchana hugawana sawa mwaka mzima huhisi kama amenyang'anywa kitu. Wakati wa kiangazi ni kinyume chake, jua halitaki kwenda kulala. Mwislamu hupata njia ya kuupima mchana kwa adhana hata jua likifichika. Hamburg ya 1867 haikuwa na msikiti hata mmoja. Kengele zilikuwapo, na kengele sasa zilikuwa zake, kwa cheti.

Na hapa ndipo penye jambo zito, ambalo nyanya yangu asingelikubali kulisikia. Salme mwenyewe amekiri katika maandishi yake kwamba ubatizo ulikwenda upesi kuliko moyo. Alifundishwa dini kidogo, akatiwa maji, akaenda kanisani kama inavyompasa mke wa Kijerumani, na ndani yake akabaki na maneno aliyojifunza Mtoni. Alipokuwa peke yake ni sala za kwao zilizomjia mdomoni. Akajiona mnafiki pande zote mbili. Sisemi haya ili kumtakasa, wala si kazi yangu kumhukumu; hesabu yake iko kwa Mola wake. Nasema tu kwamba wale waliodhani kijana mgeni huyu alibadili dini kama anavyobadili nguo hawakusoma alichokiandika. Hata nguo zenyewe zilimchukua muda.

Hata hivyo alizoea. Miaka mitatu ile ilikuwa na furaha yake. Alizaa watoto watatu: Antonie mwezi wa Machi 1868, Said mwezi wa Aprili 1869, ambaye baadaye alijulikana kama Rudolph Said-Ruete, na Rosalie mwezi wa Aprili 1870. Angalia, alimwita mwana jina la babu yake, na mabinti nao aliwapa majina ya kwao pamoja na ya Kijerumani, Thawka na Ghuza. Majina ya Kijerumani yalikuwa ya jirani. Haya mengine bila shaka yalikuwa yake.

Mwezi wa Agosti 1870 Ruete aliteleza aliposhuka kwenye tramu ya farasi, akaumia vibaya, akafa baada ya siku chache tu. Alikuwa na miaka 31. Rosalie hajatimiza miezi minne. Ujerumani wakati huo ilikuwa vitani na Ufaransa, na kila nyumba ina msiba wake wa kuhangaikia. Oktoba ya mwaka huo huo alifariki Sayyid Majid, yule ndugu aliyekuwa mpole kwake, na kiti kikakaliwa na Barghash. Kwa muda wa miezi miwili milango miwili ilijifunga.

Niliporudi Mombasa nilikuwa bado sijui habari hizi. Nilizisoma miaka kadhaa baadaye, nikaenda kumsimulia nyanya, akiwa kitandani hatoki tena. Alisikiliza kwa kununa mpaka nilipofika kwenye ile tramu. Hapo akaniuliza jambo moja tu: baada ya mume kufa, mwanamke yule alikuwa akisema Kiswahili na nani? Sikuwa na jibu.

Sasa tuyarudie mashamba. Huko Unguja msichana wa miaka 15 alimiliki mashamba matatu, akayasimamia, akayauza alipotaka, na hakuna kaka wala mjomba aliyetia sahihi badala yake, kwa kuwa sheria ya Kiislamu humpa mwanamke mali yake mkononi. Hamburg, mji wa maendeleo, mjane hakuaminiwa kusimamia mali ya watoto wake mwenyewe. Aliwekewa wasimamizi wawili wanaume. Kidogo kilichokuwapo kikapungua, naye akiwa hana la kusema. Ajabu ni kwamba jambo hili aliliona kwa jicho safi kabisa, na katika kumbukumbu zake akawaeleza wasomaji wa Kizungu, waliojidhania kuwa wao ndio wanaomheshimu mwanamke, namna wenzao wa Mashariki wanavyomiliki mali. Vivyo hivyo aliwasema kwa shule zao za kufungia watoto saa nyingi katika hewa mbaya. Mgeni akikaa sana huyaona ya wenyeji wasiyoyaona wao.

Lakini lazima tuseme na upande wa pili. Katika kitabu hicho hicho aliutetea utumwa, akautetea kama mtu aliyelelewa mikononi mwa watumwa na hakuwahi kuwauliza wao. Mwaka 2019 kiwanja kimoja cha Hamburg kilipewa jina lake, na kwa sababu ya maneno yale viongozi wa eneo hilo wakaamua kuliondoa. Sisi wa pwani, ambao katika ukoo mmoja huweza kuwamo bwana na mtumwa, tunajua kwa nini jambo hilo linauma.

Ujane ulimhamisha mji baada ya mji: Dresden, Rudolstadt, Berlin. Yule aliyekuwa akioshwa na kufukizwa udi alijifunza kupika, kushona na kuhesabu senti. Alisomesha Kiarabu ili watoto wapate kula, yaani ule mfupa wa ngamia ulimfaa mwishoni. Mwaka 1875 alisikia Barghash yuko London, akaenda mbio kutafuta suluhu, lakini kwa maelezo yake Waingereza walimzuia asimwone kwa ahadi ya kuwasomesha wanawe, kisha ahadi haikutimizwa.

Mwezi wa Agosti 1885 alirudi Unguja baada ya miaka 19, na alirudi vibaya, ndani ya meli za Kijerumani. Bismarck alikuwa ametuma manowari kumtisha Barghash juu ya bara na juu ya Witu, huko kwetu karibu na Lamu, ambako Wajerumani walikuwa wamekwisha kuweka mkono. Salme na watoto wake walikuwa karata katika mchezo huo. Watu wa mjini walimfuata njiani kwa furaha, wakimsalimu kwa lugha aliyokuwa na kiu nayo, lakini kaka yake hakukubali kumwona, wala kumpa urithi wa ndugu zao waliokufa. Kwa sheria ya dini Barghash alikuwa na hoja, kwa sababu aliyetoka katika Uislamu hamrithi Mwislamu. Kwa udugu, kila mtu na aamue mwenyewe. Wajerumani walipopata walichotaka, karata ikatupwa. Alijaribu tena mwaka 1888, baada ya kufa Barghash, akarudi vile vile.

Safari hiyo hakutaka tena kukaa Ujerumani. Alikwenda Jaffa, kisha Beirut, akakaa huko mpaka mwaka 1914. Mimi naona miaka hiyo inasema mengi kuliko vitabu vyake. Unguja amekatazwa, Ujerumani haimtoshi, basi akachagua mji wa pwani ambamo kengele na adhana husikika pamoja, na ambamo mtu akienda sokoni hununua kwa Kiarabu.

Uzeeni alirudi Ujerumani kwa wanawe. Mwaka 1923, katika enzi ya Sayyid Khalifa bin Harub, jamaa zake wa Unguja hatimaye walimkubalia posho ya pauni 100 kwa mwaka. Hakuila sana. Alikufa mjini Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka 79. Mwanawe Rudolph alikwisha kuwa mtu wa London, na mwaka 1929 alitoa kitabu juu ya babu yake, Sayyid Said. Unguja nako, katika jumba la masultani lililofanywa makumbusho, kuna chumba kilichotengwa kwa habari zake, nami nimewahi kusimama humo na kuitazama picha yake akiwa amevaa nguo za Kiarabu. Picha hiyo ilipigwa Hamburg.

Alizikwa penye kaburi la jamaa ya Ruete, katika makaburi ya Ohlsdorf, na yasemekana katika vitu vyake vilikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, akazikwa nacho. Ohlsdorf iko Hamburg hiyo hiyo. Meli yetu ilikaa chelezoni wiki tatu, nasi tukazurura mji mzima kutafuta mchele na pilipili, wala hatukujua kwamba yuko pale, safari fupi tu ya treni kutoka bandarini.